Mtoto wa kidato cha tatu anachoka na nini hasa?

Mzazi, kabla hujamwambia mtoto aongeze bidii, mhesabie saa zake. Mwanafunzi wa kutwa anayeamka saa 10:30 alfajiri kuwahi daladala, akatoka shule saa 9 alasiri, akapitia tuisheni hadi saa 12 jioni, kisha akafungua madaftari ya masomo matatu, hulala saa 6 usiku. Hapo kapata saa nne na nusu. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayeitwa mvivu kwenye kipindi cha kwanza mara nyingi ana usingizi tu.

Chukueni karatasi, wiki moja. Kila kazi ya shule aandike somo, dakika alizotumia, na herufi moja: N akinakili, K akijikumbusha au kufanya maswali. Usimgombeze wiki hiyo, la sivyo atakuandikia unachotaka kuona. Jumapili jumlisheni. Kwa wengi N humeza K: notisi za ubaoni, notisi za kipindi alichokosa, kisha notisi zilezile kuhamishiwa kwenye “daftari safi”. Mkono unauma, kichwani hakujabaki kitu, maana mtu anaweza kunakili ukurasa mzima bila kuufikiria.

Daftari safi liachwe kabisa. Akishasoma kurasa mbili tatu, alifunge daftari, aandike anachokumbuka kwenye nusu karatasi kwa dakika 10, afungue, asahihishe kwa kalamu nyekundu. Arudie baada ya siku 2, halafu baada ya wiki. Mara ya kwanza atakumbuka kidogo sana na atavunjika moyo. Mwambie mapema kwamba yale mekundu ndiyo ya kusoma kesho, mengine ayaache.

Mzigo mwingine ni lugha. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anabeba Biolojia na Kiingereza kwa wakati mmoja. Kabla ya mada mpya atafute maneno 10 magumu na maana zake. Ajue pia kulitofautisha swali linalomtaka ataje na linalomtaka aeleze; wapo wanaojaza ukurasa kwa swali la alama 2, kisha muda unawaishia.

Tuisheni ya masomo yote ni kumrudisha mtoto darasani mara ya pili akiwa amechoka. Chagueni somo moja, mawili yakizidi. Mkichagua, kumbukeni jinsi matokeo ya kidato cha nne yanavyopangwa: divisheni huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. C huanzia alama 45. Kwa hiyo somo lenye 41 likisaidiwa kidogo linapanda daraja, na C ndizo zinazotazamwa kwa anayetaka kidato cha tano. Hisabati msiitupe hata ikiwa na 15, kwa sababu milango mingi huifungua yenyewe. Ipeni dakika 30 kila siku, maswali ya mada za chini kwanza.

Usiku, saa 2:30 taa izimwe na simu ilale chumbani kwako. Kazi isiyokwisha ibaki, uandike kwenye daftari lake kwamba muda uliisha, utie sahihi.

Sahihi hizo zikifika tatu, nenda kwa mwalimu wa taaluma na ile karatasi ya dakika. Usianze na lawama. Walimu wa masomo tisa kila mmoja hutoa kazi ya nusu saa bila kujua mwenzake katoa nini, na jumla yake anaiona mtoto peke yake. Omba jambo moja linalotekelezeka: ratiba ya kazi za nyumbani ibandikwe darasani, masomo mawili kwa siku.