Kweli Warioba alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Rais kwa mpigo?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na baba tunabishana wiki nzima sasa, yeye anasema Mzee Warioba alikuwa Waziri Mkuu na hapohapo Makamu wa Rais, mimi nasema haiwezekani. Nani yuko sahihi? Na hawa makamu wengine walitokea vyeo gani, na wakimaliza ndo basi tena?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Baba yako yuko sahihi, kamwombe radhi. Kuanzia 1985 mpaka 1990 Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, na Makamu wa Pili alikuwa Idris Abdul Wakil ambaye naye ndo alikuwa Rais wa Zanzibar. Enzi hizo umakamu ulikuwa unabebwa pamoja na cheo kingine, hata Malecela na Msuya waliomfuata Warioba walibeba vyote viwili.

Ila kwa utaratibu wa leo na wewe hujakosea. Vyama vingi vilivyorudi 1992 watu wakaanza kujiuliza, sasa Zanzibar ikichukuliwa na chama kingine, Rais wake atakuwaje makamu wa Rais anayempinga? Ndo yakaja Mabadiliko ya 11 ya Katiba mwaka 1994, akaletwa mgombea mwenza, yaani makamu anapigiwa kura pamoja na Rais, na ikaandikwa kabisa kwamba makamu hawezi kuwa wakati huohuo mbunge, Waziri Mkuu au Rais wa Zanzibar, na Rais akitoka Bara basi makamu atoke Zanzibar, au kinyume chake.

Hapo ndo utaelewa walikotokea. Marais walikuwa wa Bara mfululizo, kwa hiyo makamu wakawa wanachukuliwa waliopikwa kwenye Serikali ya Zanzibar: Dk. Omar Ali Juma alikuwa Waziri Kiongozi (kule ni kama Waziri Mkuu), Dk. Bilal vilevile, Dk. Shein alikuwa waziri kule. Mama Samia alianzia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000, akawa waziri Zanzibar, 2010 akaja kuwa mbunge wa Makunduchi na Waziri wa Nchi Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano), yaani ofisi alishaijua kabla hajakabidhiwa.

Magufuli alipofariki Machi 2021 Samia akawa Rais, na mambo yakageuka, makamu ikabidi atoke Bara. Tarehe 30 Machi jina la Dk. Philip Mpango likasomwa bungeni Dodoma, wakati huo ni Waziri wa Fedha na mbunge wa Buhigwe, akapata kura zote 363. Kesho yake akaapishwa, jimbo likabaki wazi, na Mei watu wa Buhigwe wakapiga kura upya. Ile sheria ya kutoshika vyeo viwili mimi naionea hapo hasa.

Kuhusu wakimaliza, sio basi kabisa. Shein alitoka umakamu 2010 akawa Rais wa Zanzibar miaka 10. Na Warioba mwenyewe, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu kabla ya yote, 2012 alipewa kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na Machi 2014 alipowasilisha rasimu kwenye Bunge Maalum la Katiba, makamu mwenyekiti wa bunge hilo alikuwa Samia Suluhu Hassan. Mwambie baba na hiyo, uone kama alikuwa anaikumbuka.