Kabla hujaniuliza Nike au Adidas

Jana jioni mazoezini nimemwona kijana mwingine. Kilo 110 mabegani, anashuka skwati, miguuni raba za kukimbilia zenye soli ya sponji. Kisigino cha kushoto kikabonyea kwa ndani, goti likafuata. Nikamwambia arudishe chuma kwenye stendi. Hata jasho halijakauka ananiuliza: "Kaka, viatu vya kunyanyulia ninunue Nike au Adidas?" Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Anza na mguu wako. Wangu ni mpana, nimekua nikitembea peku. Nilipopata hela yangu ya kwanza ya maana nikanunua kiatu cha bingwa niliyekuwa namtazama kila usiku kwenye simu. Dukani kidole kidogo kilibanwa, muuzaji akasema kitaachia. Kiatu cha kunyanyulia kimetengenezwa kisiachie, ndiyo kazi yake! Nikavumilia miezi minne, maana akiba yote ilikuwa imeishia pale na niliona aibu kurudia raba zangu za zamani. Kucha ikawa nyeusi. Bila kujijua nikaanza kutua kwenye jeki, pale unaposukuma chuma toka mabegani hadi juu ya kichwa, mguu wa mbele umegeukia ndani, ili kidole kipate nafasi. Kocha aliliona, akaniambia, nikambishia mbele ya wenzangu. Siku ya mashindano nikaanza na kilo 95, uzito ambao mazoezini nilikuwa naupiga hata nikiwa na usingizi. Klini safi, chuma kikafika mabegani. Jeki, mguu ukatua umepinda, chuma kikanivuta mbele, nikakifuata hatua mbili, kikaanguka. Nikarudia, vilevile. Jaribio la tatu, vilevile. Ukikosa yote matatu huna jumla, yaani snachi yako bora ukiongeza klini na jeki, hata kama snachi zako (chuma toka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) zilikuwa nzuri, na zangu zilikuwa nzuri. Usiku mama akaniuliza nimenyanyua kilo ngapi. Sikuwa na namba ya kumpa. Kocha hakusema neno, na hadi leo ukimya ule unaniuma kuliko kucha.

2. Jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umetanuka, na soksi zako za mazoezi.

3. Urefu wa kisigino cha kiatu. Romaleos ya Nike na Adipower ya Adidas ni kama milimita 20, Legacy Lifter ya Reebok 22, Powerlift 4 ya Adidas 15 hivi. Vifundo vikikaza au mapaja yakiwa marefu, kisigino cha juu kitakusaidia kukaa wima. Kwa skwati ya chuma kilichokaa chini mgongoni, 15 inatosha. Dedilifti, kuvuta chuma toka chini hadi usimame, vivue: vinakuongezea umbali wa kuvuta na kukusukumia mbele. Raba bapa za Converse zinatosha kabisa.

4. Mtumba wa soko la Karume sawa, ila kunja soli na uangalie gundi. Mwenzetu mmoja soli ilibanduka akiwa chini ya snachi. Mshukuru Mungu chuma kilidondokea nyuma.

Yule kijana nimemwambia aje Jumamosi ajaribu vyangu vya sasa. Wote tunavaa 43, ila mguu wake mwembamba, naona vitampwaya.