Kabla ya kupiga picha vijijini bara ya Malindi

Wageni wakishashiba bahari, huuliza kama kuna kijiji wanachoweza kwenda kuwaona Wagiriama. Kipo, na huwapeleka kwa moyo mmoja, kwa sababu kwetu ni huko, upande wa Ganze. Lakini kuna mambo huwaambia kabla gari halijawashwa.

Kubwa ni picha za wazee. Mzee mwenye mvi, shuka kiunoni, ameketi chini ya mwembe: kila mtu anamtaka. Jioni picha iko Facebook na maneno "mganga wa Kigiriama", au baya zaidi, "mchawi". Kilifi tuhuma hiyo inaua. Wazee wamekatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ukichimbua unakuta kiini ni shamba linalogombaniwa. Kaya Godoma, huko huko Ganze, pamehifadhiwa wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe. Wewe umerudi Nairobi; yeye amebaki na majirani wenye simu.

Basi piga hodi, salimia, keti, kunywa maji uliyopewa. Picha uiombe mkishazungumza. Akikubali, mwonyeshe, na usiandike jina lake wala la kijiji. Akikataa, tia simu mfukoni. Mazungumzo matamu niliyowahi kupata huko yalikuja baada ya simu kutiwa mfukoni.

Halafu vigango. Ni mbao ndefu zilizosimikwa ardhini, zimechongwa pembetatu ndogo ndogo kutoka juu hadi chini, nyingine zina vitambaa shingoni. Kila kimoja ni cha marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata ukoo ukihama, na hapo ndipo wezi walipopata mwanya, kwani mahame hayana mlinzi. Vimeuzwa hadi Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007 kutoka makumbusho ya huko, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ikakubali kuvirudisha 30. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza ufukweni kwamba anacho kimoja cha kale, usiulize hata bei. Kuna familia inayokililia.

Pesa zisiwe za siri. Mkubaliane mapema, na kama kuna kikundi cha ngoma, ada ishikwe na kiongozi wao, si dereva. Sukari, majani ya chai na sabuni apewe mama mwenye mji. Peremende za kuwarushia watoto barabarani ziacheni kabisa. Mtoto akizoea hayo atakuwa anangoja magari saa za shule.

Na mkisikia ngoma, ulizeni ni ya nini kabla ya kushuka. Dereva mmoja aliwahi kuteremsha watalii katikati ya matanga, wakaanza kurekodi huku wafiwa wakiwatazama. Iliniuma sana, na wenyeji hawajasahau.

Mwenyeji akisema leo haiwezekani, msibembeleze wala msiongeze pesa. Nendeni magofu ya Gede, muulize tena siku nyingine.