Maswali ya wasomaji: Mvua zimekata, nyuki wangu wasihame tena

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Manyoni, nna mizinga sita ya viunzi (vile vipande vya mbao juu wanapojengea masega) nyuma ya shamba la alizeti. Mwaka jana nilirina mwezi wa 6 nikapata asali nzuri kwelikweli, ila kufika mwezi wa 8 minne ikawa mitupu, jirani anasema ni kijicho. Sa hivi mvua zimekata, nifanye nini mapema na nipande nini?

JIBU: Marahaba, na pole sana, minne kati ya sita inauma. Ila hebu angalia tarehe zako mwenyewe, umerina mwezi wa 6, wakahama mwezi wa 8, na hapo katikati alizeti imeshavunwa, majani yamekauka, ua halionekani, afu ghala lao ulishalibeba lote. Nyuki wetu hawakai na njaa, wanaondoka na malkia wao. Hapo hamna kijicho, ni njaa.

Kwahiyo mwaka huu rina kwa kiasi. Fungua jioni jua likizama, moshi wa nyasi kavu au mavi makavu ya ng'ombe (mpira na plastiki usiguse, asali itanuka), anzia upande ulio mbali na mlango, inua kiunzi kimoja kimoja uangalie sega kwa karibu. Likiwa limezibwa nta nyeupe karibu lote limeiva, kata. Ukiona vifuniko vya kahawia vimetuna kidogo, hao ni watoto, rudisha taratibu. Na kabla hujafika kwa watoto waachie masega matatu manne ya asali. Najua inauma kuacha asali unayoiona kwa macho na ada ya shule inasubiri, lakini miombo mingi inachanua mwezi wa 9 mpaka wa 11 kabla mvua haijaanza, na atakayevuna ni yule mwenye kundi limebaki ndani.

Wiki hii fyeka nyasi chini ya mizinga, paka grisi nyaya ulizotundikia, siafu wakipata njia wanamaliza kundi usiku mmoja. Weka na karai la maji kivulini, utie mawe wasizame.

Kupanda, kwa huko kwenu mi nasema mlonge kwanza, unavumilia ukame na unatoa maua mara nyingi kwa mwaka, afu mkwaju, na migunga iliyopo usiikate mkaa tafadhali. Alizeti ni chakula kizuri ila ikiwa na maua usipulizie dawa ya wadudu, na mwombe jirani naye asipulizie, punje zake zinajaa kwa sababu ya hao hao nyuki.

SWALI: Nimekuta kwenye sega vitu kama maganda ya karanga vinaning'inia, ni ugonjwa?

JIBU: Hapana dada, hivyo ni vyumba vya malkia. Malkia anatimiza kama siku 15 au 16 toka yai mpaka kutoka, na mara nyingi chumba kikishazibwa malkia wa zamani anaondoka na nusu ya kundi. Usivivunje. Tundika leo leo mzinga mtupu hapo jirani, ndani usugue nta na majani ya mchaichai, harufu yake wanaipenda, wakitoka wanaweza kuingia humo humo.