Maswali yenu: okestra nzima kwenye vidole kumi

Mwalimu, ni kweli yule mpiga piano Liszt aliziandika simfoni zote za Beethoven, zile kazi ndefu za okestra, kwa piano?
Zote tisa, seti nzima ikatoka 1865. Ile ya tisa ilimtoa jasho, sehemu ya mwisho yenye kwaya alitaka kuiacha kabisa, mchapishaji akamng'ang'ania.

Nina kinanda cha vitufe 61, naweza kuzipiga?
Jamani, swali hili tena! Hapana. Piano ina vitufe 88 na Liszt anazitaka besi ambazo kinanda chako hakina. Msiniulize tena mwaka huu.

Kwa nini nihangaike na nakala wakati okestra yenyewe iko kwenye simu?
Kwanza hiyo "nakala" iache. Enzi zile hakuna simu wala santuri, kama mjini kwenu hakuna okestra basi simfoni mnaipata sebuleni, watu wawili benchi moja mikono minne, mtunzi Brahms mwenyewe alizipanga zake kadhaa hivyo. Schumann, mtunzi na mhakiki, 1835 kachambua Symphonie fantastique, simfoni ya Berlioz, kwa kirefu na mkononi ana noti za piano za Liszt tu! Mimi hata leo zinanifaa, maana kwenye okestra masikio yangu yanakimbilia tarumbeta, kwenye piano zile sauti za katikati zinajitokeza zenyewe. Wanaozidharau wengi hawajawahi kukaa wakasikiliza hata moja mpaka mwisho.

"Picha za Maonyesho" ya Mussorgsky, nani aliitoa okestra akaileta piano?
Hakuna. Ilizaliwa kwenye piano 1874, mtunzi Ravel ndiye kaipeleka okestra 1922. Muwe mnasoma jalada.

Nikifika kwenye tremolo, zile noti za kurudiarudia harakaharaka, piano inanguruma kama mashine ya kusaga, shida nini?
Shida mguu wako. Mpiga violini akivuta upinde sauti inakaa, piano ukishagonga tu sauti inaanza kufa, ndo maana Liszt anaweka tremolo kulidanganya sikio, sasa wewe unakanyaga pedali mwanzo mpaka mwisho na vidole unavirusha kama unatwanga, lazima ingurume. Vidole vikae karibu na vitufe, piga pole, pedali ibadilike kila kodi, yaani noti zinazolia pamoja, ikibadilika. Halafu yale majina ya vyombo Liszt aliyoandika kwenye noti, obo, klarineti, honi, si mapambo, na kama hujui obo inaliaje pale basi funga piano ukaisikilize kwanza ndo urudi.