Bima ya viza na bima ya masomo ni mbili tofauti

SWALI: Dada, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 24, amepata nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani. Anaruka kutoka KIA tarehe 12 Septemba. Wakala wa bima hapa mjini anasema nimkatie bima ya safari ya siku 15, au ya mwaka mzima ili nisisumbuke tena. Binti ana pumu tangu utoto. Nishike lipi?
– Mama wa Kiborloni, Moshi

JIBU: Mama mwenzangu, hongera sana kwa binti. Usichukue hata moja kati ya hizo mbili kabla hujasoma hapa.

Swali lako limenigusa pabaya. Mwanangu wa kwanza alisoma hukohuko. Bima yake ilianza kuhesabu tarehe 1 Septemba, siku 30, lakini viza ilichelewa, akafika tarehe 20. Usajili wa chuo ukakamilika tarehe 10 Oktoba. Tarehe 4 Oktoba, katikati ya hizo siku zisizo na mwenyewe, akashikwa na kidole tumbo, akapasuliwa usiku. Bili tulilipa sisi. Tuliuza ng'ombe, tukauza na shamba la tambarare. Wakala alikuwa ametueleza bei tu, siku hakuzihesabu na sisi.

Kwa hiyo hesabu siku. Bima ya safari, ambayo ndiyo ya kuombea viza, ianze siku anayotua, ivuke tarehe ya usajili, na uongeze mwezi mzima juu yake. Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vingi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, ila usajili unaweza kuchelewa. Hakikisha hati imeandikwa fidia ya angalau euro 30,000, na kwamba inatumika nchi zote za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza ikichelewa, rudi kwa wakala abadilishe tarehe kabla binti hajapanda ndege.

Ile ya mwaka mzima iache. Bima za safari kwa kawaida hazilipi ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kuondoka, na pumu ni huo. Tena chuo hakitamsajili kwa bima ya safari. Kinachotakiwa ni bima ya afya ya umma ya huko, ambayo mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 huipata kwa bei ya wanafunzi, zaidi ya euro 120 kwa mwezi. Ni pesa nyingi, najua, ipange pamoja na kodi ya chumba. Lakini hawamkatai kwa pumu wala hawamwongezei bei kwa sababu yake. Dawa za daktari atachangia euro 5 mpaka 10 hivi kila moja. Akishauriwa achukue bima binafsi ya bei nafuu na kusaini msamaha wa kutojiunga na bima ya umma, asikubali. Msamaha huo haufutiki mpaka amalize masomo. Wiki za mwanzo, kabla bima ya umma haijaanza, abebe dawa zake za kuvuta za kumtosha, na barua ya daktari wake.

Sasa neno zito, nisamehe. Sisi Wachagga tunazikwa kihambani, kwenye ardhi ya ukoo. Bima ya umma ya Ujerumani hailipi kurudisha mwili nyumbani. Ile ya safari, ya viza, huwa na fao hilo, lakini ikiisha, limeisha. Nimeona familia ikichangisha kwenye simu wiki mbili mfululizo, marehemu akisubiri. Muulize wakala fao hilo peke yake kwa muda wote wa masomo ni kiasi gani, na akusomee kifungu chenyewe mbele yako.

Na kadi ya NHIF? Aiache nyumbani, hospitali za kule hazitaipokea.

Hati ikitoka, piga picha kila ukurasa, na namba ya simu ya dharura ya kampuni iwe kwenye simu yako na ya binti. Mwanangu alikuwa na yake ndani ya sanduku.