Injini Ikilizidi Gari: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina Toyota Mark II GX100 ya manyuo (gia za mkono). Nimetoa injini ya 1G-FE nikafunga 1JZ-GTE ya VVT-i, yenye turbo. Vingine vyote nimeviacha vilivyokuwa. Nikiingiza gia ya pili tairi za nyuma zinateleza, na nikishuka mlima mrefu pedali ya breki inazama. Je, injini imezidi gari?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Bodi haijazidiwa. Toyota wenyewe waliitumia kwa Mark II Tourer V (namba ya bodi JZX100), yenye injini hiyo ya farasi 280, ila walibadilisha pia klachi, giaboksi, breki na tairi. Kilichozidiwa ni vifaa ulivyoviacha. 1G-FE hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya takriban Nm 200. Hii mpya inatoa Nm 378, tena kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika.

Tafadhali anza na breki, kabla hujagusa kingine. Joto la breki hufuata mraba wa kasi: kusimama kutoka kilomita 120 kwa saa huzalisha joto mara 2.25 ya lile la kutoka 80. Pedali ikizama mteremkoni kisha ikarudi gari likipoa, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 140 na 155. Mwaga yote, weka DOT 4 ya kopo lisilofunguliwa, toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki). Pedali ikizama hata gari likiwa limepoa, tafuta upepo, uvujaji au masta silinda iliyochoka. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Gari hili linahitaji diski na kalipa za Tourer V, nazo ni kubwa, kwa hiyo jaribisha rimu kabla ya kulipa.

Klachi ipime barabara ikiwa wazi: gia ya nne, kilomita 60, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka na kasi isifuate, klachi inateleza. Mlio wa “ko” unapotoa na kurudisha mguu kwenye mafuta ni krosi (viungo) za propela, difu (gia za ekseli ya nyuma) au mauntini (mipira inayoshikilia injini). Ingia chini uzitikise moja moja.

Tazama pia alama tairi zinapoteleza. Mstari mmoja mweusi maana yake ni difu la kawaida, nguvu yote inakimbilia gurudumu jepesi. Tafuta difu la LSD, linalozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake. La kuchomelea, ambalo gia zake zimeunganishwa kwa weldingi, tunalikataa kabisa kwa gari la barabarani: kwenye kona yenye maji hutupa mkia.

Na namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari TRA (Mamlaka ya Mapato), bima nao wajulishwe.

SWALI: Tairi pana peke yake haitoshi?
Msomaji huyo huyo

JIBU: Haitoshi. Tairi ikishika vizuri, mshtuko uliokuwa ukiishia kwenye lami unahamia kwenye klachi, propela na difu. Badilisha hivyo kwanza, kisha funga vipimo vya Tourer V: 205/55R16 mbele, 225/50R16 nyuma. Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira uliokauka huteleza hata ukiwa na meno mapya.